Mtoto Anataka Chura: Tangi la Kioo, Beseni la Viluwiluwi au Kona ya Uani?

Masika yaliyopita mtoto wa dada yangu, mwenye miaka tisa, alirudi skuli na kopo la plastiki mkononi. Ndani mlikuwa na chura wa kijani, mdogo kuliko kidole gumba changu. Alimnunua kwa shilingi 5,000, pesa zake za sikukuu, kwa kijana anayewauza kwenye ndoo karibu na kituo cha daladala. "Khalati, huyu anaimba," aliniambia. Kweli alimsikia akiimba, lakini ndani ya ndoo, pamoja na wenzake. Kwetu hakuimba hata usiku mmoja. Asubuhi ya siku ya kumi na moja tulimkuta kajikunja pembeni mwa kopo, ngozi imemkauka. Mtoto alilia mpaka akalala bila ya kula.

Nilijilaumu sana. Mimi nasomesha sayansi, namjua chura ni mnyama wa aina gani, na bado nilimwachia mtoto lile kopo kwa sababu nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Tokea hapo, kila mvua zikikaribia, wazazi wenzangu huniuliza: tumnunulie, au tumkataze? Mimi naona njia ni tatu. Ya kwanza ni kumfuga ndani, kwenye tangi la kioo. Ya pili ni kulea viluwiluwi kwenye beseni kwa muda mfupi, kisha kuwarudisha. Ya tatu ni kutengeneza kona yenye unyevu uani na kuwaacha vyura waje wenyewe. Msimamo wangu nausema mapema: kona ya uani ndiyo ya kwanza, beseni linafuata iwapo yupo mtu mzima wa kulisimamia, na tangi simshauri mtu ambaye hajawahi kufuga.

Tangi la kioo

Tuanze na maji, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapowaua vyura bila ya kujua. Chura hanywi kwa mdomo. Hunywa kwa ngozi, khasa ya tumboni na mapajani, na kwa ngozi hiyo hiyo huvuta sehemu ya hewa yake. Kilichomo ndani ya maji kinamwingia mwilini moja kwa moja. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini lazima yakae wazi kutwa na usiku kucha kabla ya kumfikia. Mkojo na kinyesi chake vikikaa siku mbili tatu, maji yale yale aliyolalia yanakuwa sumu. Mkono uliopakwa losheni ya mbu au uliosahau kusuuzwa sabuni unamuunguza. Na nyumba zetu tunazijua: usiku tunawasha dawa ya mbu ya moshi, mwisho wa wiki tunapuliza ya mende, mara wanakuja watu wa malaria kupuliza kuta. Dawa hizo zimetengenezwa kwa wadudu, lakini chura na samaki nao zinawadhuru vibaya. Chura wa bondeni ataruka aende zake. Wa tangini hana pa kwenda.

Kisha chakula. Kwa vyura wengi, kitu kisichotikisika si chakula. Mtoto atamtilia wali, mkate, kipande cha dagaa, na vyote vitaoza mbele yake huku yeye ana njaa. Anataka nyenje, panzi wadogo, nzi, kumbikumbi, na wote wawe hai, tena watoke mahali pasipopulizwa dawa. Akilishwa aina moja tu ya mdudu kwa miezi, hukosa kalsiamu, mifupa ikalainika na taya ikapinda. Kwa hivyo anayefuga chura mmoja anafuga na nyenje pia, na nyenje nao wanataka kulishwa vizuri, la sivyo chura anakula maganda matupu.

Joto la kwetu nalo lina hila. Mtu husema chura ni wa hapa hapa, kazoea. Bondeni hajazoea jua, kazoea kulikimbia: huingia chini ya majani, ndani ya tope, kwenye shina la mgomba. Tangi likiwekwa dirishani, jua la saa nne asubuhi linatosha kuligeuza jiko.

Linaloniumiza zaidi ni kuwa chura haonyeshi. Mbuzi akiumwa analia, kuku anajikunyata na wenzake wanamdonoa, wewe unaona. Chura hukaa kimya vile vile alivyokuwa jana. Zipo dalili, lakini ni za mtu anayejua kutazama: pua iliyochubuka kwa kujigonga kwenye kioo, wekundu chini ya mapaja, mifupa ya kiuno kujitokeza, au aina inayojificha mchana kukaa peupe tu haishughuliki. Ukiziona, mara nyingi umeshachelewa. Na hata ukiziona mapema utampeleka wapi? Madaktari wetu wa mifugo kazi yao kubwa ni ng'ombe, mbuzi na kuku.

Anayedhani nakuza mambo na afikirie vyura wa Kihansi. Hao ni vyura wadogo wa huko Tanzania Bara, kwenye korongo la mto Kihansi, ambao hawatagi mayai bali huzaa watoto waliokamilika. Bwawa la umeme lilipopunguza maji yaliyokuwa yakiwanyunyizia, vyura 499 walipelekwa Marekani mwaka 2000 kulelewa na wataalamu. Walikuwa na vyumba maalumu, madaktari na pesa. Hata hivyo katika miaka ya mwanzo walikufa mpaka wakabaki chini ya 100, kabla ya walezi kujifunza vizuri chakula chao, mwanga wao na maradhi yao. Mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini wamekwisha kabisa, na kuanzia 2012 wale waliozaliwa kwenye matangi wakaanza kurudishwa korongoni. Walezi walishinda, na nawapa heshima yao. Lakini kama mikono ile ilipoteza wengi kiasi hicho, mtoto wa miaka tisa mwenye kopo tunamtaka afanye nini?

Zaidi ya hayo kuna umri. Chura wa majini mwenye kucha, yule anayeteleza kama sabuni, akitunzwa vizuri huvuka miaka kumi kwa urahisi. Yule chura mnene wa Marekani Kusini mwenye vipembe juu ya macho, anayependwa na wafugaji wa nje, naye ni hivyo hivyo. Mtoto atamaliza skuli na chura bado anataka nyenje.

Tangi lina uzuri wake, sikatai. Mtu mzima mwenye subira na nafasi, anayeanza kwa kusoma miezi kadhaa kabla ya kununua, anaweza kumpa chura maisha mazuri na akamjua kuliko sisi sote. Huyo ushauri wangu ni mfupi: mmoja mmoja, usichanganye aina, kwa sababu mkubwa humla mdogo na aina moja huiambukiza nyengine. Usinunue kabla ya kumuona akila kwa macho yako. Muuzaji asiyejua chura wake katoka wapi na jana kala nini, mwache na ndoo yake.

Beseni la viluwiluwi

Hapa mtoto anapata kitu ambacho tangi halimpi: anaona mnyama akibadilika mbele ya macho yake. Miguu ya nyuma inatoka, ya mbele inafuata, mkia unaliwa na mwili. Nimesomesha somo hilo kwa mchoro ubaoni miaka mingi, na nimelisomesha kwa beseni mara mbili. Darasa halikuwa lile lile.

Chukua wachache, watano wanatosha, kutoka dimbwi la barabarani ambalo jua litalikausha kabla hawajakua. Chota na maji ya dimbwi lenyewe. Weka beseni kivulini na ulifunike kwa kipande cha chandarua, mbu wasitage. Mchicha uliochemshwa ukapoa, kipande kidogo, ndio chakula. Kilichobaki jioni kitolewe. Kila siku punguza maji kidogo uongeze yaliyolala wazi kutwa na usiku.

Kosa la wengi linakuja mwishoni. Miguu ya mbele ikishatoka, kiluwiluwi huacha kula siku kadhaa, anaishi kwa mkia wake, na sasa anavuta hewa kwa mapafu. Asipokuwa na jiwe au kijiti cha kupandia anazama ndani ya maji yale yale aliyozaliwa. Weka jiwe mapema. Akishapanda, mrudishe jioni pale pale ulipomtoa, au kama dimbwi limekauka, kwenye unyevu wa karibu kabisa na hapo, si bonde la mtaa mwengine.

Kazi ni wiki chache, kwa aina nyengine miezi, na wengine watakufa hata ukifanya sawa. Mtoto aambiwe hilo mwanzo. Bila ya mtu mzima anayelitazama beseni kila siku, nisingelianza.

Kona ya uani

Mtoto wa dada yangu alichokitaka kwa kweli ni sauti. Methali yetu inasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na nahisi imetuzoesha kuisikia sauti ile kama kelele tu. Ni dume anaita jike, na kila aina ina wito wake: mmoja kama kijiti kinachogongwa kwenye chupa, mwengine kama mlango usiotiwa mafuta. Humwita jike kwenye mvua, kwenye unyevu, wenzake wakishindana naye. Ukimtia peke yake ndani ya kopo, hana sababu ya kuita. Ndio maana mtoto alinunua wimbo akapata ukimya.

Kona ya uani haina gharama ya kuitaja. Kwetu ni pembe moja nyuma ya jiko la nje: migomba miwili, majimbi machache, kuti bovu, na chungu kilichovunjika nimekilaza ubavu kiwe pango. Maji ya kuoshea mchele na mboga ninayamwaga hapo. Sikuchimba kidimbwi, na hilo nataka lisomwe vizuri, kwa sababu hapa ndipo njia hii ina hatari yake. Kwa joto letu mbu hutoka ndani ya maji kwa kiasi cha siku 7 hadi 10. Visiwa vyetu vimepigana na malaria kwa miaka mingi, na mbu wa homa ya dengi hutaga hata ndani ya kifuu. Usimwamini anayekwambia vyura watamaliza mbu wote. Wanakula baadhi tu. Kwa hivyo unyevu, si maji yaliyotuama. Vifuu vipinduliwe, ndoo zifunikwe. Ukitaka sahani ya maji ya vyura kujilowesha, iwe ya kina kifupi na uimwage kila siku ya nne.

Jirani yangu alinambia, "Bibi, chura huleta nyoka." Hakukosea kabisa, wapo nyoka wanaokula vyura. Ndio maana kona iwe mbali na mlango na mbali na pa watoto kuchezea, na njia ya kwenda chooni ifyekwe. Mwengine alihofia uchawi, kwa kuwa chura wametajwa sana katika mambo hayo, na kwao chura akiingia ndani humwagiwa chumvi. Chumvi inamuunguza ngozi akafa taratibu, ni kifo kibaya. Mimi nilimjibu kwa dini yetu sote: imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba tabibu mmoja alimuuliza Mtume, rehma na amani zimshukie, juu ya kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumuua. Tena kuna yule mtoto Abu Umayr na ndege wake mdogo, ambaye Mtume alimtania kwa upole. Wanavyuoni wamechukua hapo kuwa mtoto kucheza na mnyama hakuna ubaya maadamu hateswi. Sharti hilo la mwisho ndilo kopo la plastiki linaloshindwa.

Chura mwenye ngozi ya mabakabaka asiguswe ovyo. Nyuma ya macho yake kuna tezi za sumu, haileti chunjua kama watu wanavyosema, lakini ikiingia machoni inawasha sana. Mikono ioshwe baada ya kumshika chura yeyote, khasa kwa watoto wadogo, kwa sababu hubeba vijidudu vya kuharisha.

Uvumilivu unahitajika. Kwetu zilipita wiki tatu kavu, hakuja hata mmoja. Mvua ya kwanza ya vuli ilipopiga, usiku ule ule tulisikia sauti mbili tofauti. Taa ya nje iliwavuta wadudu, na chini yake akaja kukaa bwana mmoja mnene wa mabakabaka, kila siku baada ya Isha. Mtoto amempa jina, hamgusi, na ana daftari anamoandika sauti anazozisikia na tarehe zake.

Upande kwa upande

Kwa pesa: tangi linakula kila wiki, beseni halizidi mchicha, kona ni bure. Kwa muda: tangi ni kila siku kwa miaka, beseni ni kila siku kwa wiki chache, kona ni nusu saa Ijumaa asubuhi. Kumuona kwa karibu, tangi linashinda, na kwa mtoto mgonjwa asiyeweza kutoka nje hilo si jambo dogo. Kujifunza, beseni. Kusikia, kona, wala hakuna mpinzani. Anayekaa ghorofani Michenzani bila ya ua namshauri beseni mara moja kwa mwaka, na usiku mmoja wa mvua ampeleke mtoto kwa jamaa aliye karibu na bonde la mpunga, Cheju kwa mfano, akasikie. Kwa ndugu zetu wa Pemba hilo halina shida, mabonde yako mlangoni. Ila msichukue chochote ndani ya Ngezi, wala Jozani kwa sisi wa Unguja. Misitu ile imehifadhiwa, na mwenye swali aende Idara ya Misitu.

Kama kopo tayari limeshaingia nyumbani

Jibu linategemea jambo moja: unajua alikotoka? Kama ni wa hapa, kakaa siku chache, peke yake, na unalijua dimbwi lake, mrudishe huko huko jioni, leo. Usingoje apate nguvu kwanza, nguvu zake ziko huko.

Kama ni wa kutoka nje ya nchi, au alichanganywa na wengine usiowajua, usimwachie kamwe, hata ukimwonea huruma. Upo ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura na kuwazuia kuvuta maji na chumvi zinazohitajika mwilini. Ripoti ya mwaka 2019 ilihesabu aina zisizopungua 501 zilizopungua duniani kwa sababu yake, 90 kati ya hizo zikidhaniwa zimetoweka, na biashara ya vyura hai ni moja ya njia zilizousambaza. Chura mmoja wa tangini akiachiwa bondeni anaweza kuupeleka kwa wote. Na asipokuwa mgonjwa anaweza kushinda kupita kiasi: mwaka 1922 chura wa kutoka barani Afrika alipelekwa Mauritius ale wadudu, akaenea kisiwa kizima. Sisi hatuhitaji kwenda mbali, tunao kunguru. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 wasafishe taka, na leo nani asiyewajua kwa kuiba vifaranga na mayai ya ndege wengine? Chura wa kutoka nje, au aliyechanganywa na wengine, umeshamchukulia dhamana, mtunze mpaka mwisho wake: tangi pana lenye kifuniko cha wavu, kivuli, pa kujificha, maji yaliyolala, wadudu hai. Maji yake machafu usiyamwage mtaroni wala kona yako ya vyura, yamwage kwenye ardhi kavu yenye jua.

Yule kijana wa ndoo nilimfuata. Sikwenda kumgombeza, ni mtoto wa watu anatafuta riziki. "Mwalimu, mimi nawaokota tu Mwanakwerekwe maji yakijaa, wako tele," aliniambia. Nikamhadithia kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu: wanne waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, kufika 1955 walikuwa kiasi cha 200, wakaanza kuibwa mmoja mmoja kwa kufugwa na kuuzwa nje, na mwaka 1996 walibaki 7. Wao pia walikuwa tele. Alinisikiliza, akaniuliza kwa nini wadogo hupungua ndani ya ndoo usiku bila ya kuona maiti. Hakujua kuwa wakubwa wanawala. Alidhani wanaruka.

Wiki iliyofuata nilimkuta na ndoo mbili, zote zimefunikwa kwa kanga mbichi. Nimemuomba wasiouzwa awarudishe kila jioni alikowatoa. Siku nyengine hufanya hivyo, siku nyengine nikipita usiku naziona ndoo bado ziko pale chini ya meza.